Peremende ya Mtoni

Mama Ulimi alipewa jina hilo kwa sababu mbili, na zote mbili zilimstahili. Kwanza, alikuwa mtu wa kusema. Ukimchokoza asubuhi, mpaka jioni utakuwa umesikia habari zako zote, zikiwamo zile ambazo wewe mwenyewe ulishazisahau. Pili, kazi yake. Aliuza udongo wa kula, na udongo wa kula hauchaguliwi kwa macho. Aliinama pale ukingoni mwa mto, akabandua kipande kwa kijiko kikuukuu, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani, kisha akatema pembeni na kutoa hukumu. Huu una chumvi. Huu una mchanga. Huu wapelekewe mafundi matofali. Baada ya hapo hakukuwa na rufaa.

Asiyeujua udongo huo hucheka, na wanaume ndio hucheka zaidi, kwa kuwa hawajawahi kushika mimba. Mjamzito akishikwa na hamu ya udongo hataki nyama wala tunda. Anataka kile kitu chenye harufu ya ardhi iliyoanza kunyeshewa, akitafune polepole, kimyeyuke mdomoni, na akimaliza atafute kingine. Wateja wa Mama Ulimi walikuja kwenye meza yake sokoni wakijifanya wanaulizia vitunguu kwa jirani yake, halafu mkono unapita chini chini na kuondoka na kifurushi. Yeye alizijua mimba kabla ya mawifi, na mara nyingine kabla ya waume. Na kwa ule mdomo wake wote, siri hizo ndizo pekee alizozifungia ndani. Hakuna mwanamke aliyewahi kuumbuliwa na Mama Ulimi kwa habari ya tumbo lake.

Kazi yenyewe aliifanya kwa usafi uliomkera hata mumewe alipokuwa hai. Udongo aliuloweka, akauchuja kwa kitambaa, akaukanda, akautoa vijiwe vyote, akauviringisha vipande vya unene wa kidole, akavianika juani juu ya turubai ambalo kuku akilikanyaga anajuta. Mwisho alivikausha kwa moto wa taratibu ndani ya pipa lililokatwa nusu. Aliyeuliza kama udongo wa mtoni ni salama alijibiwa kwa neno moja tu: moto unaua kila kitu. Alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba watoto wa jirani walikuwa wakilimalizia kabla hajafika katikati.

Kwa miaka alichimba sehemu moja, kwenye kona ambapo mto ulikata ukingo na kuacha ukuta wa udongo mweupe uliotulia. Kisha yakaja malori ya mchanga. Malori hayana adabu. Yalishuka mpaka majini, yakabeba mchanga, yakabeba ukingo, na msimu mmoja tu ule ukuta mweupe ukaanguka wote mtoni. Mama Ulimi aliwatukana madereva mpaka sauti ikakauka, nao wakampungia mkono. Ikabidi apande juu, kufuata mto, akionja na kutema, akionja na kutema, hadi alipofika chini ya uwanja wa betri.

Uwanja huo ulizungushiwa mabati. Ndani yake wanaume walipasua betri chakavu za magari kwa shoka, wakamwaga maji yake, wakatoa vile vibao vya kijivu vya ndani na kuviyeyusha kwenye mashimo ya moto. Maji yaliyomwagwa yalipita kwenye mfereji chini ya mabati, yakateremka polepole hadi mtoni. Pale mfereji ulipomalizikia palikuwa na ukingo mpana, laini, wa rangi ya majivu. Haukuwa na jani wala mzizi. Mama Ulimi alichomeka jembe, akageuza bonge zima, asione nyungunyungu hata mmoja. Katika kazi yake nyungunyungu na mizizi ni uchafu, ni saa nzima za kuchambua. Aliutazama ukingo ule usio na kitu akaona ni mali iliyowekwa pale na Mungu ikisubiri mwenye bahati.

Kisha akauonja. Ulikuwa mtamu. Si utamu wa sukari unaokurupuka, bali utamu wa mbali, wa nyuma ya ulimi, unaokuja ukiwa umeshakata tamaa. Miaka yote ile hakuwahi kukutana na udongo wa namna hiyo. Alifumba macho, na siku hiyo akasahau kutema.

Sokoni aliuita peremende. Wateja waliupokea kwa mikono miwili. Waliokuwa wakinunua kifurushi sasa walinunua viwili, na waliojifungua waliendelea kuja, jambo ambalo si kawaida, kwa sababu hamu ya udongo huondoka na mtoto. Muuza vitunguu, aliyekaa naye meza kwa meza na ambaye habari haikuwahi kulala kifuani mwake, alimtania kila asubuhi. "Shoga, sema ukweli tu. Unatia sukari."

"Natia mkono wangu," Mama Ulimi alijibu. "Wewe mkono wako unaliza watu, mimi wangu unawabembeleza."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyemzaa akiwa ameshaanza kuitwa tasa. Binti huyo aliolewa na mwanaume aliyefanya kazi ndani ya yale mabati, mpasua betri, mtu mrefu mwenye mikono ya kijivu na maneno ya kuhesabika. Watu walimwita Bwana Kimya. Mama Ulimi hakumpenda sana, na sababu ilikuwa hiyohiyo ya ukimya. Mtu akisema, alidai, unamjua. Asiyesema anakula nawe sahani moja na hujui ana nini moyoni. Bwana Kimya kwa upande wake alimheshimu mkwewe kama inavyotakiwa, alimsalimia akiwa ameinamisha kichwa, na kila alipokuja kuteka maji au kuezua bati lililooza, alimaliza kazi na kuondoka bila kungoja shukrani. Mama Ulimi hakuona sababu ya kumfukuzia nayo.

Wale wawili walikaa katika ndoa bila mtoto mpaka maneno yakaanza. Binti alivumilia. Mama yake alivumilia kwa kuwatolea uvivu wote waliothubutu kuuliza mbele yake. Na hatimaye, siku moja asubuhi, binti alipita sokoni, akasimama mbele ya meza ya mama yake, akachukua kipande cha peremende akakitia mdomoni. Mama Ulimi alimtazama usoni, akatazama shingo, akatazama ule mkono uliokuwa tayari unafuata kipande kingine. Machozi yalimtoka hadharani. Muuza vitunguu alipouliza kulikoni, alimwambia ni vitunguu vyake.

Tangu siku hiyo peremende bora ilikuwa ya binti. Mama Ulimi alishuka ukingoni kabla wachuuzi wengine hawajaamka vizuri, akachimba chini, akaruka tabaka la juu na kufuata lile la ndani ambalo ulimi wake ulimwambia ndilo tamu zaidi. Alilikausha peke yake, hakulichanganya na la kuuza. Alilipeleka mwenyewe nyumbani kwa binti likiwa limefungwa kwenye khanga safi. Wapo wazazi wanaowapelekea watoto wao walioolewa kuku. Yeye alipeleka kile alichokijua.

Mimba ilipoanza kuonekana, binti alianza kuumwa. Tumbo lilimkata katikati, si maumivu ya mimba bali ya kujikunja. Kichwa kilimuuma. Chakula kilimkinaisha, akapauka hadi viganja vikawa kama karatasi. Mama Ulimi alimwambia ndivyo mimba ya kwanza ilivyo, inatafuta nafasi. Akamwongezea udongo, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho tumbo la binti lilikuwa bado linakikubali.

Bwana Kimya ndiye aliyesema kliniki. Alisema mara moja, na kwa kuwa alisema, wakaenda.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na foleni iliyofika barabarani. Alimkagua binti macho, akamkagua viganja, akamwambia afungue mdomo. Akainama karibu zaidi. Kwenye fizi za chini, pale nyama inapokutana na jino, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu, kama mtu aliyekula kalamu ya wino akafuta haraka.

"Unakula udongo?" nesi aliuliza.

Hilo ni swali ambalo wajawazito hulijibu kwa uongo kila siku. Manesi wanajua ni uongo, wajawazito wanajua kwamba manesi wanajua, na foleni inasogea. Binti alimtupia mama yake jicho la haraka, akasema hapana. Mama Ulimi, mwenye mdomo unaojulikana soko zima, aliangalia bango la chanjo ukutani. Hakuona kwamba anaficha jambo. Aliona anamlinda mtoto wake asikaripiwe mbele za watu, na pia, tuseme kweli, aliilinda meza yake.

Damu ilichukuliwa ikapelekwa hospitali kubwa. Majibu yalipofika waliitwa tena. Nesi aliisoma karatasi amesimama, huku mtu mwingine akimvuta mkono upande wa pili, akasema kwa haraka ya watu wa kazi, "Mama, binti yako ana risasi kwenye damu. Tena nyingi."

Mama Ulimi alisimama. "Risasi? Nani kampiga?"

"Hakuna aliyempiga, mama. Kaa."

"Nimekaa naye toka utotoni, hana kovu hata moja. Ameingiliwa na risasi lini?"

Nesi alivua miwani, akaeleza. Kuna risasi ya bunduki na kuna madini yenyewe yanayoitwa risasi, yale mazito ya kijivu. Yakiingia mwilini yanakaa, yanakula damu, yanakula mifupa, na kwa mjamzito yanapita moja kwa moja kwa mtoto. Hayaonekani. Hayafi kwa kuchemshwa. Yanapatikana zaidi kwenye betri za magari. "Nani nyumbani kwenu anashughulika na betri?"

"Mumewe," alisema Mama Ulimi, na alilisema kabla swali halijakauka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama upesi. Mfagiaji wa kliniki alisikia nusu ya maneno, muuza vitunguu akasikia robo, na mpaka soko linafungwa kila mtu alijua kwamba binti wa Mama Ulimi kapigwa risasi na mumewe, ila risasi imezama ndani kiasi kwamba haionekani. Wengine walisema ndiyo maana yule bwana ni mkimya. Walimwendea Mama Ulimi kumpa pole. Angeweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja, naye sentensi hazikuwahi kumpungukia. Lakini siku hiyo zilitoka zikichechemea.

"Si risasi hiyo," alisema. "Ni ile nyingine."

"Ipi nyingine?"

"Ile ya kazini kwake."

Soko likaelewa kwamba kazini kwake wana bunduki. Mama Ulimi alisikia wanavyoelewa, akapanga vipande vyake vya udongo upya juu ya meza. Hasira inatafuta pa kukaa, na Bwana Kimya alikuwa mrefu, wa kijivu, asiye na la kujitetea.

Na kweli hakujitetea. Nesi alimwambia vumbi la kazini linakuja na nguo zake, linakaa kwenye godoro, mkewe analivuta. Aliacha kazi siku hiyohiyo. Nguo zote alizichoma uani. Halafu, kwa kuogopa kwamba vumbi limeshaingia hata kwenye ngozi yake, akajihamisha mwenyewe, akapanga kijichumba nyuma ya karakana ya seremala na kuanza kubeba magunia sokoni. Kila jioni alileta maziwa na matunda, akayaweka kizingitini, akabisha hodi na kurudi nyuma mpaka barabarani. Mkewe alisimama mlangoni ameshika tumbo. Waliangaliana hivyo kwa muda, kila mmoja upande wake, halafu mwanaume anaondoka. Watoto waliompita walimwigizia bunduki kwa vidole.

Mama Ulimi alihamia kwa binti ili amuuguze. Alimpikia uji, akamkanda miguu, akamsimulia vichekesho vya wateja. Na alikuja na khanga yake. "Kula, mwanangu. Kidogo tu, kitulize tumbo," alisema, na binti alikula, akatulia kweli kwa kitambo, kama anayenyonya. Mama Ulimi aliamini kabisa kwamba sasa, madhali mwenye vumbi ametoka, kilichobaki ni nguvu kurudi.

Nguvu hazikurudi. Binti alianza kuangusha vitu. Kikombe kilimtoka mkononi bila yeye kujua. Miguu ilikufa ganzi. Damu ilipopimwa mara ya pili, nesi hakusoma majibu akiwa amesimama. Alifunga mlango, akakaa.

"Mume bado analala pale?"

"Hayupo. Hata kizingiti havuki."

"Basi imepanda," alisema nesi. "Imepanda sana. Mume ametoka na risasi imepanda. Inatoka wapi, mama? Anakula nini huyu mtoto?"

Mama Ulimi alifungua mdomo. Alisema atafikiri. Alitoka nje na jua likampiga usoni, akashuka kwa miguu hadi ukingoni, chini ya mabati. Mfereji ulikuwa ukitiririka. Aliutazama kuanzia juu ulikotokea mpaka chini ulikoishia, na uliishia pale alipoacha jembe lake. Alibandua kipande, akakigusisha ulimini. Kilikuwa kitamu.

Alimkuta Bwana Kimya nyuma ya karakana, amekaa juu ya magogo na gunia tupu begani, la kupokelea mizigo. Mwanaume aliinuka kwa heshima, akarudi nyuma hatua kadhaa kama alivyojizoeza.

"Shikamoo, mama. Ana hali gani?"

"Kaa. Nimekuja kukuuliza kitu, unijibu." Alitafuta maneno. "Ile risasi mnayoitoa kwenye betri. Ina ladha gani?"

Bwana Kimya alidhani anasutwa. Alitazama mikono yake. "Hatuilambi kwa kupenda, mama. Ila vumbi lake linakaa mdomoni. Ukijilamba, ni tamu. Wageni wakianza kazi huwa tunawacheka, kila saa wanajilamba midomo, wanadhani kuna mtu kawapaka sukari."

Mama Ulimi alikaa chini, palepale alipokuwa amesimama. Bwana Kimya alisogea kumshika, akasita, akasimama na mikono imening'inia. Aliitazama khanga iliyofungwa kiunoni mwa mkwewe, uvimbe ule mdogo wa vipande ndani yake. Alikuwa mtu wa maneno machache lakini hakuwa mjinga.

"Peremende," alisema.

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Alikuwa na haki ya kumtukana kuanzia pale hadi kesho yake, na Mama Ulimi angeinamisha kichwa apokee. Badala yake Bwana Kimya alimpa mkono, akamwinua, na kwa mara ya kwanza tangu ahame wakatembea pamoja hadi nyumbani. Alivuka kizingiti bila kubisha hodi.

Binti alikuwa amelala ubavu. Alipomwona mumewe ndani ya chumba uso wake ulifunguka, halafu akamwona mama yake nyuma, na jinsi alivyosimama.

"Si yeye," alisema Mama Ulimi. "Ni udongo. Unatoka chini ya uwanja wa betri. Ni mimi."

Binti hakulia. Aliyafuata maneno hayo polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akitafuta kila kidato kwa mguu.

"Nilipokuambia tumbo linanikata, ulinipa nini?"

"Udongo."

"Nilipokuambia siisikii miguu?"

Mama Ulimi alitaka kusema hakujua. Ilikuwa kweli kwamba hakujua. Lakini kuna kweli ambayo ukiisema unajiondoa mwenyewe na kumwacha mgonjwa kitandani, na alikuwa na aibu ya kutosha kuona hilo. "Udongo," alisema.

"Na yeye ukamwacha aitwe muuaji."

Binti aligeuza uso ukutani, akanyoosha mkono nyuma, na mkono huo ulimtafuta mumewe.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kike, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja na kifundo cha mkono, na kilio chake kilikuwa chembamba, hakikufika mlangoni. Aliishi. Nesi hakuwapa matumaini ya bure. Alisema risasi iliyomwingia tumboni haitoki kirahisi, na hakuna anayeweza kusema leo imeharibu nini. Watajua atakapotakiwa kukaa na asikae, atakapotakiwa kusema na asiseme. Au atakaa na kusema vizuri tu. Ni kungoja. Kisha alimgeukia Mama Ulimi na kumuuliza alilokuwa akilingojea kwa hofu. "Na hao wengine uliowauzia?"

Aliwakumbuka wote. Yeye aliyeziona mimba za mtaa mzima kabla ya wenye mimba, angewezaje kusahau? Alipita nyumba kwa nyumba akisema yale aliyokuwa hajawahi kuyasema, na siri zote alizozitunza zikamwagika milangoni, mbele ya mawifi na waume. Wengine walimsikiliza na kukimbilia kliniki. Mmoja alimwonyesha kaburi dogo nyuma ya nyumba, akaingia ndani. Wengine walimcheka. Risasi kwenye udongo? Muuza vitunguu alimwambia kwa huruma kabisa kwamba uchungu wa binti umemvuruga akili, apumzike.

Akapumzika, kwa maana kwamba meza aliivunja. Lakini ukingo ulibaki, na utamu wake ulikuwa umeshajulikana. Haukupita muda mwanamke mwingine alianza kuchimba palepale na kuuza kwa jina lilelile. Mama Ulimi alishuka kumwonya. Mwanamke yule alimsikiliza huku akiendelea na kazi, kisha akamwambia, bila ubaya wowote, "Ulipokuwa unachimba wewe, mama, ulikuwa udongo. Nimeshika jembe mimi, umekuwa sumu."

Maofisa wa mazingira walikuja siku moja wakiwa na glavu. Walijaza udongo kwenye mifuko, wakasimika kibao cha katazo, wakaondoka. Kibao kilikuwa cha mbao nzuri, hakikukaa, kiliibwa. Yale mabati yalipakwa rangi mpya upande wa barabarani, na upande wa mto mfereji uliendelea na safari yake. Kila mvua kubwa maji yanapanda ukingoni, yanachota udongo, yanashuka nao kwenda kwa watu wengine, kwenye bustani zao za mboga na visima vyao vya mchanga.

Bwana Kimya alirudi nyumbani kwake. Habari za bunduki zilififia zenyewe bila aliyeomba radhi, na alipokutana na mkwewe alimwinamishia kichwa kama zamani. Heshima hiyo ilimchoma Mama Ulimi kuliko kitu chochote. Angefurahi kama angempita tu barabarani.

Binti hakumkataza mama yake kuja, wala hakumnyima kiti. Miguu yake ilirudi nusu. Alitembea akishika ukuta, na mtoto alikuwa hajaanza kuinua shingo wakati ambao wenzake huinua. Mama Ulimi alifika kila asubuhi, amevaa nguo safi, akiwa hajagusa ardhi ya mto tena, akakaa ukumbini na kunyoosha mikono ampokee mjukuu.

"Nawa kwanza, mama," binti alisema.

Alinawa. Alitumia sabuni, akapanda mpaka kwenye viwiko, akasugua chini ya kucha, akajifuta kwa kitambaa cheupe na kuionyesha mikono yake pande zote mbili, kama mtoto anayekaguliwa shuleni. Binti aliitazama mikono ile iliyomlea, akamkumbatia mtoto karibu zaidi na kifua.

"Tena," alisema.

Mama Ulimi akarudi kwenye beseni.